Unene, Wembamba na Bonde la Nakivubo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa njia ya historia jambo ambalo aghalabu huelezwa kwa njia ya lawama. Jambo lenyewe ni hili: watu wengi wa mijini katika Afrika ya Mashariki, wakishaambiwa na mganga kwamba miili yao imezidi uzito, hujitahidi kuupunguza. Hupungua kweli, lakini baada ya miezi kadhaa uzito hurejea, pengine na nyongeza juu yake. Hujaribu tena, na tena hurejea. Mwishowe hukata tamaa, nao majirani husema kwamba hawana subira, au kwamba wametawaliwa na matumbo yao.

Nimechagua kulitazama jambo hili kutoka bonde la Nakivubo, mjini Kampala, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Nakivubo ni mahali ambapo mji mzima hukutana. Hapo pana uwanja wa mpira ulioanzishwa mwaka 1926, ukabomolewa mwaka 2017, na baada ya kujengwa upya ukafunguliwa tena mwaka 2024. Kando yake pana soko la Owino, lililoanza mwaka 1971, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Karibu na hapo pana vituo vya taksi, na katikati ya bonde unapita mfereji unaopeleka maji ya mji mpaka Ziwa Viktoria. Chakula cha mikoa mingi hushukia bondeni humo, na miguu ya watu wa kila kabila hupita humo.

Sababu ya pili ni kwamba Kampala ina historia ya pekee kuhusu mwili wa binadamu. Katika muda wa miaka 160 hivi, mji huu na nchi zilizouzunguka zimepata kuuona unene kuwa utukufu, kisha wembamba kuwa dalili ya mauti, na sasa unene kuwa mlango wa maradhi. Mtu apandaye mizani leo hupanda pamoja na historia hiyo yote.

Hoja yangu ni moja. Mtu anayeshindwa mara kwa mara kupunguza uzito hashindwi kwa udhaifu wa nia. Hushindwa kwa kuwa ametumia njia ya muda mfupi kupambana na mambo yaliyojengeka kwa muda mrefu, mwilini mwake na katika jamii yake. Njia itakayodumu haina budi kujengwa polepole, juu ya vyakula, mwendo na desturi ambazo mji unazo tayari.

Maneno tuliyorithi

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kuanza na maneno, nayo maneno ya Kiswahili kuhusu mwili yana mengi ya kutufunza. Tunayo maneno kunenepa, kuwanda na kunawiri, na kwa mnyama tunasema kunona. Mengi ya maneno haya yana harufu ya heri. Ukimwambia mgeni aliyetoka safari kwamba amenawiri, umemsifu. Upande wa pili tunayo kukonda, kudhoofu na kusinyaa, na haya yote yana harufu ya msiba. Mtu hukonda kwa mawazo, kwa njaa au kwa ugonjwa. Ukimwambia mtu kwamba amekonda, huna budi kuongeza “pole”.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hatukurithi kitenzi kimoja chenye maana ya kukonda kwa heri, yaani kupoteza uzito kwa hiari na kwa faida. Kwa hiyo waganga wetu husema “kupunguza uzito”, kwa maneno mawili, kama mtu apunguzaye mzigo. Lugha haifanyi makosa katika hili. Inatunza kumbukumbu ya wakati ambapo njaa ilikuwa jirani na shibe ilikuwa mgeni.

Tunalo pia neno mwiko, lenye maana mbili zikaazo pamoja: chombo cha kusongea ugali, na jambo lililokatazwa. Mikono ileile ipikayo ndiyo iwekayo mpaka. Nitalirudia neno hili mbele, kwa kuwa lina somo ndani yake.

Maziwa ya Karagwe na barua ya London

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke, akiongozwa na msafara wa watu wa pwani na wa bara, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, alifika Karagwe, ambayo leo imo katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Huko alipokewa na Mfalme Rumanyika. Speke aliona kwamba wake wa jamaa ya mfalme walilishwa maziwa kwa wingi mpaka wengine wakawa hawawezi kusimama. Alimpima mmoja wao mkono, kifua na paja, akaandika vipimo vyake. Aliona pia binti akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Desturi ya kumnenepesha mwali kwa maziwa kabla ya arusi ilijulikana pia Nkore, katika nchi ambayo sasa ni magharibi ya Uganda. Unene wa mke ulikuwa tangazo la ng’ombe wa mumewe: ni tajiri tu awezaye kumlisha mtu asiyefanya kazi.

Tusidhani kwamba wanawake wale walikuwa wakila kwa uroho. Walilishwa kwa amri, na fimbo ilikuwa karibu. Hapa ndipo historia inapotupa onyo la kwanza: uzito wa mtu si shauri lake peke yake. Jamii hushika sahani pamoja naye.

Februari mwaka 1862 Speke alifika katika baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza, katika vilima ambavyo leo ni Kampala. Kitabu chake cha safari kilipigwa chapa mwaka 1863. Mwaka huohuo, katika mji wa London, kulitolewa kijitabu kidogo kilichoandikwa na mzee aitwaye William Banting, ambaye kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa ya kusimamia mazishi ya wakubwa. Kijitabu hicho kilikuwa barua kwa umma kuhusu unene.

Banting alikuwa mtu mfupi, mwenye uzito wa karibu kilo 92. Alikuwa hawezi kuinama kufunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Tena, na hili ndilo linalotuhusu, alikuwa amekwisha kushindwa mara nyingi. Alipiga makasia, akapata nguvu za mikono na hamu kubwa zaidi ya kula. Alikwenda baharini, akapanda farasi, akanywa maji ya chemchemi, akaketi katika hamamu za mvuke mara hamsini. Faida ilikuwa haba. Hatimaye daktari wa masikio, William Harvey, ndiye aliyemwonyesha kwamba kosa lilikuwa katika mkate, sukari, bia na viazi vya kila siku. Kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo alipungua karibu kilo 21. Jina lake likageuka kitenzi. Hata leo Waswidi husema “banta” kwa maana ya kula kwa kipimo ili kupungua.

Basi mwaka 1863 ulitoa vitabu viwili. Kimoja kilisimulia nchi ambako watu walitiwa unene kwa fimbo. Cha pili kilisimulia mji ambako watu walianza kuukimbia unene. Palikuwa bado na muda wa karne moja kabla ya mambo hayo mawili kukutana bondeni Nakivubo.

Yaliyoonekana Mulago

Kilomita chache kutoka Nakivubo, juu ya kilima, ipo hospitali ya Mulago. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1930 hadi mwisho wa miaka ya 1950. Kazi iliyompa jina kwanza ni ya watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, yaani kwashakoo. Mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya ugonjwa huo pamoja na wenzake wawili, Davies na Dean.

Lakini Trowell aliona jambo jingine pia. Katika miaka yake ya mwanzo, miongoni mwa watu wazima waliofika hospitalini, kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo yalikuwa machache mno kuliko alivyozoea kwao Uingereza. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Na kule kuandikwa kwa mgonjwa mmoja katika jarida la matabibu kunatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Pamoja na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960, alifikia rai kwamba vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi, vilikuwa ngao. Rai hiyo waliieleza katika kitabu cha mwaka 1981 kuhusu maradhi ya nchi za Magharibi.

Wataalamu wa baadaye wamepunguza makali ya baadhi ya madai yao, lakini kiini chake kingali kinasimama. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, viazi vitamu, wimbi, maharage na mboga za majani hujaza tumbo kabla ya kujaza mwili. Naye mtu wa Kampala wa siku zile alipanda na kushuka vilima kwa miguu yake.

Hapana budi kusema pia upande wa pili, tusije tukaisifu zamani kupita kiasi. Matoke hayohayo, mtoto mdogo akilishwa peke yake bila kitoweo, hayamtoshi. Ndiyo sababu mwaka 1965 ilianzishwa Mulago nyumba ya lishe iitwayo Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi mema. Mafunzo ya Mwanamugimu yalikuwa na busara kubwa. Mama hakupewa karatasi ya makatazo wala unga wa kigeni. Alifundishwa kuchanganya vyakula vya sokoni kwao, matoke pamoja na maharage, karanga, samaki au mboga, katika chakula kiitwacho kitobero. Akapika mwenyewe mbele ya wenzake, kisha akarudi nyumbani na jambo analoweza kulifanya kila siku. Tuiweke akilini njia hiyo. Ilibuniwa kwa ajili ya waliokonda, lakini inawafaa pia walionenepa.

Uhaba, magendo na silimu

Katika miaka ya 1970 Kampala iliingia katika uhaba. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na baada ya hapo viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira, vilivyokuwa vimeanza katika miaka ya 1920 na 1930, vikadorora. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kupangia foleni, na neno letu la Kiswahili, magendo, likawa neno la kila siku katika lugha zote za Uganda. Aliyekuwa na kitambi katika siku hizo alidhaniwa kuwa na njia za siri. Watu walikuwa wembamba, lakini si kwa kupenda.

Halafu likaja jambo zito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai, watu walianza kukonda na kufa. Wananchi waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwembamba: “slim”, na Kiganda kikalifanya kuwa siriimu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, wakiongozwa na David Serwadda pamoja na wenzake wa nchi nyingine, waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet la London. Ulikuwa ni UKIMWI.

Ningependa walimu wenzangu watue hapa kidogo. Katika Kiingereza cha Ulaya neno hilo ni sifa. Huandikwa katika matangazo ya nguo na ya vyakula. Lilipoingia Uganda liligeuka kuwa jina la kifo. Hakuna neno jingine la mkopo ninalolijua ambalo limebeba uchungu mwingi kiasi hicho. Kwa muda wa miaka ishirini, mpaka dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure kwa wingi kuanzia mwaka 2004, kila aliyepungua alitazamwa. Majirani walihesabu mifupa ya shingo. Mfanyabiashara aliyekonda alipoteza wateja. Binti aliyekonda alipoteza mchumba. Wengine walivaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, ili mwili uonekane umejaa.

Hofu ya namna hiyo haiishi kwa tangazo la serikali. Chukua mfano wa mama mchuuzi wa Nakivubo aliyeshauriwa apunguze uzito kwa sababu ya shinikizo la damu. Akipungua kilo tano, wa kwanza kumwona ni jirani wa kibanda cha pili, naye humwuliza kwa sauti ya chini: “Mama, kuna nini?” Mume huulizwa na ndugu zake kama anamlisha mkewe. Baada ya maswali kumi ya namna hiyo, sahani hurudi kujaa. Watu husema ameshindwa kujizuia. Lakini ukweli ni kwamba amejibu swali la jamii yake kwa jibu ambalo jamii inalielewa.

Shibe inarejea

Baada ya mwaka 1986 utulivu ulirudi polepole Kampala, na shibe ikafuata. Sukari ikarejea madukani. Mafuta ya kupikia, yaliyokuwa anasa, yakawa yanapimwa katika vifuko vidogo ambavyo kila mtu anaweza kuvinunua. Chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, ambayo watu wa Kampala huiita rolex, ikaenea kila pembe. Soda zikaingia katika arusi, matanga na mikutano ya shule. Na katika miaka ya 1990 bodaboda za pikipiki zikapanda vilima ambavyo zamani vilipandwa kwa miguu.

Mchunguzi wa mambo hawezi kuilaumu shibe hii. Watu waliokuwa wamekosa sukari kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kuitia katika chai yao. Hata hivyo mwili hausomi historia, unapokea tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 24 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamezidi uzito unaofaa kwa kimo chao, na hali hiyo ilikuwa kubwa zaidi mijini kuliko mashambani. Wakati huohuo, hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2018 ziliiweka Uganda miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wasiotumia miili yao ipasavyo: asilimia 5.5 tu. Mkulima ashikaye jembe na mchuuzi abebaye mzigo ndio waliotupatia sifa hiyo. Anayekaa kibandani tangu alfajiri hadi jioni, kisha akarudi nyumbani kwa bodaboda, anaishi katika nchi ileile lakini katika mwili mwingine.

Kwa nini uzito hurudi

Sasa tuingie ndani ya mwili wenyewe, maana huko nako kuna historia. Mwezi wa Novemba mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikusanya vijana 36 waliojitolea. Maabara yake ilikuwa katika vyumba vilivyo chini ya uwanja wa mpira, mahali ambapo mtu wa Nakivubo asingejiona mgeni. Kwa wiki 24 vijana hao walipewa chakula pungufu, wakapoteza kama robo ya uzito wao. Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioshindishwa njaa na vita, lakini aligundua zaidi ya hayo. Vijana wale, waliokuwa na afya na akili timamu, walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuramba sahani na kukasirikiana. Miili yao ilipunguza matumizi ya nguvu: moyo ulipiga polepole, wakaona baridi. Walipoachwa wale watakavyo, walikula mno bila kutosheka, na mafuta ya mwili yakarudi kwa wingi kuliko yalivyokuwa mwanzo.

Uchunguzi wa baadaye umethibitisha jambo hilo kwa watu wanene. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba mtu akipoteza asilimia 10 ya uzito wake, mwili hutumia nguvu pungufu kuliko inavyotazamiwa kwa mwili wa ukubwa huo mpya. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba hata baada ya mwaka mmoja tangu kupungua, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali. Kwa maneno mengine, mwili hujihami. Haujui kwamba daktari ameshauri. Unadhani njaa imeingia nchini.

Wakazi wa Nakivubo wanalo jambo linalofanana na hilo mbele ya macho yao. Mfereji wa bondeni umezibuliwa na kupanuliwa zaidi ya mara moja. Lakini kila masika, vilima vilivyojaa mabati na lami vinapotiririsha maji yake kwa pamoja, na takataka zikitupwa humo tena, mafuriko hurudi. Hakuna anayesema kwamba mfereji hauna nia njema. Watu huelewa kwamba kazi ya wiki moja haiwezi kushinda mvua ya kila mwaka. Panahitajika kazi ndogo ya kila siku, na mabadiliko huko juu maji yanakotoka.

Njia idumuyo

Je, yupo anayefaulu? Wapo. Mwaka 1994 Rena Wing na James Hill walianzisha Marekani daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Maelfu waliojiandikisha walitumia njia mbalimbali za kupungua, na wengi wao walikuwa wamekwisha kushindwa mara kadhaa hapo kabla. Walichofanana ni namna ya kudumu: hutembea karibu saa moja kwa siku, hujipima mara kwa mara, na hula kwa taratibu isiyobadilika sana kati ya siku za kazi na siku za mapumziko. Mwaka 2002 majaribio makubwa ya Marekani, yaliyohusu watu 3,234 waliokuwa karibu na kupata kisukari, yalionyesha kwamba waliolenga kupungua asilimia 7 tu, na kutembea dakika 150 kwa wiki, waliupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo sita na kidogo. Si lazima mtu awe kimbaumbau ili afaidike.

Tukiyapima hayo kwa mizani ya Nakivubo, tunapata mambo matano.

Kwanza, lengo liwe dogo na muda uwe mrefu. Bandubandu huisha gogo. Anayetaka kupungua kilo kumi kabla ya arusi ya mwezi ujao anauandalia mwili wake njaa, nao utalipiza.

Pili, chakula kiwe cha sokoni kwetu. Matoke ya mvuke, maharage, dodo na nakati, samaki na matunda havina haja ya kufukuzwa. Kinachofaa kupungua kwanza ni sukari ya chai na soda, mafuta ya kukaangia, na ule mlima wa vyakula vitano vya wanga juu ya sahani moja. Mboga zichukue nusu ya sahani. Hapa ndipo lile neno mwiko linapotufaa: anayeshika mwiko wa kupakulia ndiye awekaye mwiko wa kiasi. Makatazo yatokayo jikoni hudumu kuliko yatokayo katika karatasi ya kigeni.

Tatu, miguu irudishwe kazini. Kuteremka taksi kituo kimoja kabla ya kufika, au kupanda Nakasero kwa miguu asubuhi, si adhabu. Ni kurudia mwendo uliowaweka watu wa mji huu katika afya kabla ya pikipiki.

Nne, kurudi nyuma kuhesabiwe kuwa sehemu ya safari. Sikukuu zitakuja, na msiba utakuja. Anayejipima kila wiki, hata kwa mizani ya kijana wa barabarani, ataona kilo mbili zilizorejea kabla hazijawa kumi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tano, jamii iambiwe. Wanawake wa sokoni wana vyama vyao vya kuwekeana fedha. Humohumo waweza kuwekeana ahadi ya kutembea pamoja na kupunguza soda katika mikutano yao. Mama aliyepungua akiwa na wenzake kumi waliopungua pamoja naye, hakuna atakayemwuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

Ama kuhusu dawa, wenye kisukari, shinikizo la damu au mimba wasianze jambo lolote bila kumwona mganga. Vidonge na chai za kupunguza mwili ziuzwazo barabarani bila cheti ni hatari. Dawa mpya za sindano zilizotokea katika miaka hii zinawasaidia wengi, lakini majaribio yameonyesha kwamba wanaoziacha hurejesha sehemu kubwa ya uzito. Hata dawa, basi, haikuondoa haja ya njia ya kudumu.

Hitimisho

Tumeona kwamba fimbo ya Karagwe, hamamu za Banting, foleni za sukari, hofu ya silimu na chapati ya leo zote zimo katika uzito wa mtu mmoja. Kumwambia mtu huyo kwamba hana nia ni kutojua historia.

Walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na wanafunzi watasoma habari za afya kwa maneno tutakayowapa sisi. Tuwafundishe kutofautisha kukonda na kupungua. Tuwazoeze kusema “umepungua vizuri” bila kushuku, na kunyamaza panapofaa kunyamaza. Tukikipa kitendo hiki maneno ya heri katika lugha yetu, tutakuwa tumeondoa mojawapo ya mawe yanayowakwaza wanaojaribu kwa mara ya tano, au ya sita, au ya saba.